MASTAA NA PIKIPIKI ZA KIZAMANI: WANAZIFUFUA AU WANATAFUTA KIKI?

Mjini hapa kwa sasa ukitaka kuonekana una ladha, gari jipya halitoshi tena. Mastaa wamehamia kwenye pikipiki za kizamani. Sio hizi za bodaboda, wanataka ile Honda ya miaka ya 1970 na 1980, taa ya mbele kubwa kama sahani, siti ndefu iliyonyooka. Inanunuliwa mkoani kwa bei ya chuma chakavu, inaletwa Dar, inapigwa rangi, inapigwa picha, na jioni mtandao mzima ni "kaka umetisha".

Kupenda vitu vya kale hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale rangi inapotangulia breki.

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina libaki kapuni. Jamaa alitupia video akiwa juu ya Honda CG125 nyekundu inayong'aa, maneno ya chini yake yakisema ameifufua mwenyewe nyumbani kwake. Jua linazama, bahari pembeni, mrembo kakaa nyuma, nywele zinapepea. Helmeti hakuna, si kwake wala kwa bibie. Laiki zikamiminika kama mvua ya masika.

Wachache waliovuta picha karibu ndio waliona mengine. Tairi la mbele lina nyufa ubavuni kama tope lililokauka. Waya wa breki ya mbele umeanza kukatika nyuzi pale unapoingia kwenye mkono. Plate namba haipo kabisa. Siku si nyingi mrembo akaonekana na bandeji gotini, na watu wa karibu wakavujisha kwamba pikipiki ilikataa kusimama kwenye kona ya kuingia nyumbani. Staa akaandika "bahati mbaya, Mungu ni mwema".

Mungu ni mwema kweli, lakini breki ya miaka 40 ambayo hakuna aliyeifungua haiwezi kuitwa bahati mbaya. Ile ni ajali iliyokuwa inasubiri siku yake.

KIJANA WA MBAGALA ALIYECHEKWA

Sasa geukia upande wa pili. Yupo kijana mmoja wa Mbagala, fundi simu, wafuasi wake mtandaoni hawajazi hata daladala mbili. Babu yake aliacha CG125 uani, imefunikwa turubai, kuku wanalala juu yake. Kijana akaamua kuifufua. Kila jioni baada ya kazi, na kila Jumapili, kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Bibi yake alichoka. Akawa anamuuliza, "Mjukuu wangu, hili dude la marehemu litatoka lini uani kwangu?"

"Bibi, bado breki."

"Juzi ulisema bado tenki."

"Tenki limeisha, bibi. Sasa ni breki."

Alipomaliza akatupia picha. Rangi ileile ya babu, imebabuka upande mmoja, siti ina kiraka. Watu wakamcheka. "Hii nayo umeifufua au umeifukua?" Mwingine akamshauri aende kwa yule staa akafundishwe kazi.

Hapo ndipo watu wa mtandaoni walipokosea, na kwa kiasi kikubwa. Kati ya hizo pikipiki mbili, iliyofufuliwa ni moja tu, na ni ile yenye kiraka.

KWANZA UJUE HII MASHINE NI NINI

CG125 sio pikipiki ya kudharau. Honda waliitengeneza katikati ya miaka ya 1970 wakifikiria nchi kama zetu, ambako pikipiki inabeba watu na magunia, inapita vumbi na matope, na mwenye nayo anasahau kumwaga oili. Injini yake wakaifanya rahisi na ngumu, ikitumia fito za kusukuma vali badala ya cheni ndefu ya juu. Baadaye viwanda vya China vikaichukua ramani hiyo, na injini za bodaboda nyingi zinazokatiza mitaani leo ni wajukuu wa CG.

Ndiyo maana mtu mwenye CG ya kizamani akienda Kariakoo na kipuri kilichokufa mkononi, ana nafasi nzuri ya kupata kinachofanana. Aende nacho lakini, akilinganishe kwa macho na kwa kipimo. Akitaja jina tu kwa mdomo atarudi na kitu kinachokaribia kuingia, na kwenye breki "kinakaribia" ni neno la hospitali.

KAZI ISIYOONEKANA KWENYE PICHA

Kijana wa Mbagala alianza na karatasi kabla ya spana. Akasoma namba ya chesesi na ya injini, akalinganisha na kadi. Kadi ilikuwa na jina la babu, na babu ni marehemu, kwa hiyo familia ikakaa, akapatikana msimamizi wa mirathi, ndipo umiliki ukahamishwa TRA. Wengi wanaruka hatua hii. Halafu wakishamaliza mamilioni kwenye rangi, wanagundua namba za chuma na za karatasi hazifanani.

Pili, hakupiga kiki siku ya kwanza. Kiki ya mtandaoni unaweza kuipiga wakati wowote, ya pikipiki iliyolala miaka ina adabu yake. Alitoa plagi, akadondoshea oili kidogo ndani ya silinda, akaiacha ikae, kisha akaizungusha injini taratibu kwa mkono. Pistoni iliyogandishwa na kutu ukiilazimisha kwa mguu unaweza kuvunja ringi na kuchubua silinda. Akamwaga oili ya zamani iliyokuwa nyeusi kama lami, akaweka mpya.

Tatu, tenki. Ndani lilijaa kutu. Akatia siki na nati chache, akalitikisa, akaliacha, akarudia mpaka maji yakatoka masafi. Akasuuza kwa maji yenye magadi soda ili kuua ukali wa siki, akalikausha vizuri. Mpira wa mafuta na chujio akanunua vipya, kwa sababu mpira wa zamani unapasuka na kudondosha petroli juu ya injini ya moto.

Hapa pana jambo la kufa na kupona. Tenki likiwa na tundu, wapo wanaolipeleka moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea, "halina mafuta, liko tupu". Tenki tupu la petroli lina mvuke, na mvuke uliochanganyika na hewa ndio unaolipuka. Anayekufa hapo ni fundi wa watu, aliyekuja kutafuta elfu chache. Tenki halisogezwi karibu na moto mpaka lioshwe na kuondolewa mvuke wote na mtu anayeijua kazi hiyo. Kama hayupo, tafuta tenki jingine.

Nne, breki, zile zilizomchosha bibi. CG za zamani zina breki za ngoma mbele na nyuma. Ndani ya ngoma kuna viatu viwili vya breki, vimepinda kama mwezi mchanga, vinatanuka na kukamata ngoma unapobana mkono au kukanyaga. Viatu vikikaa miaka mingi, gundi inachoka na ule ugozi wake unaweza kubanduka ukiwa mwendoni. Ukibanduka, tairi linaweza kujifunga ghafla, au breki ikapotea kabisa.

Akafungua zote mbili. Vumbi la ndani hakulipuliza kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, alilifuta kwa kitambaa kibichi, maana viatu vingi vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto na vumbi lake linaharibu mapafu. Akaweka viatu vipya, springi mpya, waya mpya wa mbele. Grisi akaipaka kidogo tu pale mkono wa breki unapozungukia, mbali na ugozi.

Tano, tairi. Meno yalikuwa bado yapo na kila mpita njia alimwambia "hizo bado mpya". Yeye akasoma ubavuni. Tairi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2000 zina tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zake zilikuwa na tarakimu tatu, maana yake ni za karne iliyopita. Mpira wa umri huo umekauka, barabara ikilowa haushiki. Akazitoa zote na tyubu zake, akakagua spoku moja moja, akabadili beringi.

Mwisho nyaya za umeme, taa, honi na swichi ya taa ya breki. Halafu hakukimbilia barabara ya lami. Alienda uwanja mtupu asubuhi, akawa anaendesha polepole na kusimama, polepole na kusimama, kisha anarudi kukaza bolti zilizolegea. Ndipo akakata bima, akavaa helmeti, akatoka. Leseni alishakuwa nayo.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayopendeza kwenye picha.

"MBONA BODABODA ZINATEMBEA HIVYOHIVYO?"

Watetezi wa staa wana hoja yao. Wanasema mjini bodaboda zimefungwa kwa kamba na bado zinatembea, kwa nini asakamwe mtu mmoja?

Kwanza, bodaboda mbovu sio kipimo cha usalama, wodi za mifupa zinajua. Pili, dereva wa bodaboda yuko na chombo chake kutwa nzima, breki ikilegea asubuhi anaisikia kabla ya mchana. Pikipiki iliyolala miaka 20 haina historia ya jana. Hakuna anayejua ni kipi kitakatika kwanza, na chenyewe hakitatoa taarifa.

Hoja nyingine ni hela, kwamba kufufua kikamilifu ni ghali. Lakini viatu vya breki na waya wake ni pesa ndogo ukilinganisha na rangi ya kisasa na kromu mpya. Yule staa hakukosa hela ya breki. Alikosa sababu ya kuinunua, kwa kuwa breki mpya haipati laiki hata moja.

Wapo pia wanaokata chesesi nyuma ili pikipiki ipate umbo la kule Uingereza, lile la vijana wa miaka ya 1950 na 1960 waliokuwa wanakimbizana kutoka mgahawa hadi mgahawa. Wale vijana walivua vitu ili mashine iwe nyepesi na ikimbie. Huku mtu anakata chuma kinachoshikilia siti na shokapu, anachomelea kwa kukisia, halafu anampakia mtoto wa watu juu yake. Umbo linapatikana, ila uzito wa abiria unabebwa na alama ya kuchomelea.

Na hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Mwenye pikipiki akijiumiza peke yake, watu watasema alitaka mwenyewe. Lakini mrembo aliyepanda nyuma hakuoneshwa waya uliokatika nyuzi. Mama anayevuka na mtoto hakuulizwa tairi ni la mwaka gani. Wao ndio wanaolipa bei ya rangi ya mtu mwingine.

MASHABIKI NAO WAJITAZAME

Staa anafanya kinacholipa. Rangi ikipata laiki elfu kumi na breki ikipata kicheko, kila kijana atakayefukua Honda ya babu yake ataanza na rangi. Siku video nyingine kama ile ikitupiwa, komenti ya kwanza isiwe "umetisha". Iwe "viatu vya breki umebadili lini?" na ya pili "helmeti ya bibie iko wapi?" Mtu aliyeifufua kweli atajibu kwa furaha, tena atakuchosha kwa maelezo, maana kazi yake hiyo hakuna anayemuulizaga. Aliyepiga rangi tu atakufuta.

Kijana wa Mbagala hajajibu kejeli za watu mpaka leo. Anaonekana tu asubuhi anampeleka bibi yake kliniki, mwendo wa taratibu, bibi kavaa helmeti juu ya mtandio. Ile rangi iliyobabuka bibi kakataa isiguswe. Anasema ilibabuka siku marehemu alipomleta mke wake mpya Dar, wakaegesha kwenye mwembe.

Haya, uwanja ni wenu. Mtaani kwenu nani ana pikipiki ya kizamani, na je, inasimama ikiambiwa isimame? Tiririka hapo chini. Ila yule mrembo asitukanwe, yeye alikuwa abiria tu.