Mtoto Akiazima Nodi ya Mzazi, Aseme Ameazima

Wasee wa bodi ndogo, leo tuambiane ukweli. Hii tabia ya kukata chipu moja kuwa nodi tatu, eti kwa sababu draiva zake ni tatu, tuiache.

Kama wewe ni mgeni: kwa bodi kama Raspberry Pi, Linux haiwezi kujigundulia kila kifaa. Inapewa faili inaitwa divaisi trii, inayosema chipu iko anwani gani na inatumia pini gani. Kila kifaa kina kipande chake humo, ndiyo nodi. Faili hiyo inaeleza vyuma, si programu. U-Boot na FreeBSD pia huisoma, na hazina haja kujua Linux imepanga draiva zake aje.

Sasa, draiva inaweza kuzaa kifaa mtoto kisicho na nodi. Cheki kontrola ya USB na habu yake ya ndani: chuma ni kimoja, lakini Linux inahesabu vifaa viwili. Mtoto kutumia nodi ya mzazi ni sawa kabisa. Noma ni kwamba tangu 2013, kaneli ikiunganisha kifaa na draiva, inasoma nodi na kukishikia pini yenyewe. Mzazi ashashika. Mtoto anakuja na nodi ileile, anaitisha pini zilezile, anaambiwa zina mwenyewe. USB inagoma na hakuna waya mbovu.

Dawa ililetwa 2017: device_set_of_node_from_dev. Inampa mtoto nodi, inaandikisha kwamba kuna mtumiaji mwingine, na inaweka alama ya of_node_reused. Kaneli ikiona hiyo alama, inaruka hatua ya pini.

Najua kuna msee atasema, "Si nikopi tu pointa, laini moja imeisha?" Imeisha, lakini hakuna hesabu wala alama. Hiyo si kuazima, ni kuchukua kimyakimya.

Sisemi mtoto asiwe na nodi kamwe. Kama ni sehemu halisi ya chipu, yenye umeme wake au pini zake, mpe yake. Kama umeigawanya juu ya draiva tu, waache washare.

Kwa nini nakazana hivi? Draiva utaiandika upya kesho, lakini divaisi trii inaweza kubaki na bodi miaka. Ukidanganya humo, atakayeumia ni dogo atakayenunua hiyo bodi mtumba na kutaka kuiwekea kaneli mpya.