Gari ni la Mwenyewe, Njia ni ya Wote



Miongoni mwa mashauri yanayofikishwa mbele ya kamati yetu ya msikiti hapa Mtabila, mengi siku hizi yanahusu magari. Huyu analalamika kuwa pikapu ya jirani imeziba njia ya kwendea kisimani. Yule mwenye pikapu naye analalamika kuwa kila mgonjwa wa kitongoji huletwa mlangoni kwake usiku wa manane, na asubuhi hakuna anayeuliza mafuta yalitoka wapi. Wiki hii tumeona tuyatazame malalamiko haya kwa pamoja, kwani kwa maoni yetu shina lake ni moja.

Kwanza tuseme bayana kwamba gari ni neema. Katika Surat An-Nahl, aya ya 8, Allah (s.w.) ametaja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vipando na pambo, kisha akabainisha kwamba huumba na vingine tusivyovijua. Wako wanazuoni wa zama zetu walioingiza humo vyombo vya usafiri vya leo. Nasi tunaiona faida yake: maharage, mahindi na ndizi za vijijini hufika sokoni Kasulu kabla hazijaharibika, na mama mjamzito hufika hospitali angali na nguvu. Basi anayemtazama jirani kwa jicho la husuda kwa kuwa amejaaliwa gari, amejidhulumu nafsi yake kabla ya kumdhulumu jirani huyo.

Hata hivyo, neema hiyo hupita njiani, na njia si ya mtu mmoja. Imam An-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, amelizungumzia jambo hili katika mlango wa suluhu wa Minhaj At-Talibin, kitabu kitegemewacho katika madhehebu ya Shafii. Anabainisha kwamba katika njia ya watu wote haijuzu kufanya linalowadhuru wapitao. Hata anayetokeza roshani juu ya njia ya misafara hana budi kuipandisha kiasi cha ngamia aliyebeba kiti cha msafiri kupita chini yake. Ama uchochoro usiotokea upande wa pili, huo ni wa wenye nyumba zilizomo, na hakuna miongoni mwao awezaye kutokeza jengo lake humo bila ridhaa ya wenzake.

Aidha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliamua kuwa watu wakihitilafiana juu ya upana wa njia, iwekwe dhiraa saba, yaani mita tatu na kitu. Pikapu ya kawaida ina upana unaokaribia mita mbili. Ikiegeshwa hapo, kinachobaki ni nafasi ya mtu mmoja na ndoo yake. Jeneza lililobebwa mabegani halipiti kwa staha. Msimu wa mvua uliopita tulishuhudia jeneza likikatishwa katikati ya shamba la mihogo la mjane, kwa sababu gari lilikuwa limelala njiani na mwenyewe amesafiri na ufunguo. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini mihogo ya mjane ilikanyagwa.

Wenzetu wa mbali wamelitafutia jambo hili utaratibu. Baadhi ya ndugu Warundi waliokuwa wakimbizi hapa, kabla kambi ya Mtabila haijafungwa mwishoni mwa mwaka 2012, walipelekwa kuishi Marekani. Huko kuna vyama vya wamiliki wa nyumba: anayenunua nyumba katika eneo la chama huwa mwanachama papo hapo, hulipa ada, na hupangiwa hata gari la kuegesha mbele ya mlango wake. Vipo vinavyokataza pikapu kwa kuwa eti inaharibu sura ya mtaa. Katika mji wa Coral Gables, jimbo la Florida, katazo la namna hiyo lilikuwa sheria ya mji wenyewe, mpaka wakazi walipopiga kura ya kulilegeza mwaka 2012. Hapa kwetu pia, Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo imeweka chama cha wamiliki wa jengo moja, ili kisimamie sehemu wanazozitumia kwa pamoja.

Tunachojifunza kwao ni kuandikiana. Kumchukia mtu kwa sura ya gari lake tunawaachia wenyewe. Pikapu chakavu yenye tope la shambani si aibu ya kitongoji. Kinachokatazwa kwetu ni madhara.

Ieleweke pia kwamba majirani peke yao hawana mamlaka ya kumtoza mtu faini. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, sheria ndogo za kijiji hupita katika mkutano wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Tulicho nacho sisi ni ahadi, na Surat Al-Israa, aya ya 34, inatukumbusha kuwa ahadi itaulizwa.

Sasa tugeukie haki ya mwenye gari. Zamani mgonjwa alibebwa kwa machela hadi zahanati, na mabega yakapokezana njia nzima. Hakuna aliyesema kuwa mwenye machela abebe peke yake. Pikapu imeondoa uzito mabegani, lakini wajibu haukuondoka. Umehamia kwenye tangi la mafuta. Mwenye gari naye ana watoto, ada za shule na matairi yanayoisha. Kumwamsha kila usiku bila mchango, kisha kumwita bahili siku anaposema hana mafuta, ni dhuluma. Vilevile, dereva akikataa vijana kuning'inia nyuma siku ya mazishi, asilaumiwe. Gari la mizigo si gari la abiria, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba wote wanaotumia njia moja wakutane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, wake kwa waume, wenye magari na wasio nayo, Waislamu na wa dini nyingine, kwani haki ya jirani haikufungwa na dini yake. Waandike mambo manne. Mosi, mahali pa kuegesha pasipoziba njia, na mtu wa kuachiwa ufunguo mwenye gari anaposafiri. Pili, mfuko wa mafuta ya dharura, kila nyumba itoe kwa kadiri ya uwezo wake, na mweka hazina asiwe mwenye gari. Tatu, dereva ashuke na kutazama kabla ya kurudi nyuma, nao wazazi wawakataze watoto kucheza nyuma ya magari. Nne, wazee wa kupelekewa malalamiko kabla hayajawa ugomvi.

Kabla ya kikao hicho, suala hili lianzie nyumbani. Baba na mama waulizane: je, njia ya jirani yetu iko wazi usiku huu? Na yule aliyempeleka mtoto wetu hospitali, tumemrudishia mafuta yake?

Allah atujaalie kuwa majirani wema. Wabillahi tawfiq.