Zima data kwanza, halafu mpe mtoto simu

Leo nataka tuongee kuhusu programu za simu za watoto. Msimamo wangu nautoa mapema: programu ya mtoto isiyofanya kazi bila intaneti haina mahali kwenye simu ya familia. Mimi naishi kwa kuandika programu, kwa hiyo najua baadhi ya wenzangu watakasirika. Wacha wakasirike.

Hapa Khayega nyumba nyingi zina simu moja tu ya maana. Hiyo hiyo ndiyo M-Pesa ya mama, ndiyo wateja wa sokoni wanaipigia, na jioni inakuwa ya watoto. Mtoto akipewa mchezo wa bure, matangazo yanamrukia kila mara. Anayabonyeza, maana hata kusoma bado hajajua. Mama akirudi anakuta bando limeisha.

Kwa nini mchezo ni wa bure? Kwa sababu aliyeutengeneza hauzi mchezo, anauza macho ya mtoto kwa wenye matangazo. Tangazo linataka mtandao, basi na mchezo unalazimishwa kuutaka, ingawa kuhesabu maembe matano hakuhitaji seva yoyote. Habari za mtoto nazo huondoka kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 kule Marekani, baada ya kushtakiwa kwa kukusanya data za watoto bila idhini ya wazazi. Mwaka huo huo Kenya ilipata Sheria ya Kulinda Data, inayodai idhini ya mzazi au mlezi kabla data ya mtoto haijatumiwa. Sheria nzuri, lakini ni nani anayesoma masharti kabla ya kubonyeza "Kubali"?

Na msiniambie haiwezekani kufanya vingine. Kuanzia 2017 hadi 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu tano katika vijiji vipatavyo 170 mkoani Tanga, Tanzania. Watoto zaidi ya 2,000, wengi wao hawajawahi kwenda shule, walipewa vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua. Masomo yalikuwa kwa Kiswahili, na hawakuhitaji intaneti kujifunza. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Kitkit School na onebillion waligawana zawadi ya dola milioni 10, na msimbo wa programu zote tano ukaachwa wazi kwa yeyote anayeutaka.

Mtasema kule kila mtoto alikuwa na kishikwambi chake, hapa tunagombania simu ya mama. Kweli kabisa. Ndiyo maana programu yetu lazima iwe ndogo, ikubali kukatizwa na simu inayoingia, na ikumbuke kila mtoto aliishia wapi. Tena ianze kwa Lwisukha, kwa sababu watoto wengi wa hapa huhesabu kwa Lwisukha kabla ya kufika kwa Kiswahili. Hiyo si kazi ya mtu wa California. Ni yetu sisi tuliosomea kompyuta, na msimbo wa kuanzia upo tayari.

Wewe mzazi usitusubiri. Zima data, kisha ufungue programu ya mtoto. Ikigoma, ifute. Halafu ingia kwenye mipangilio ya usalama: simu za Android tangu toleo la 5, la mwaka 2014, zinaweza kufungiwa kwenye programu moja, mtoto asiweze kutoka akaenda kuchezea M-Pesa. Hiyo ni dakika mbili tu, na haigharimu hata shilingi.

Haya, tukutane tena.