Taa Hana Kosa

Steve Irwin, yule Mwaustralia aliyejulikana ulimwenguni kwa kushika mamba kwa mikono, alifariki baharini huko Queensland tarehe 4 Septemba, 2006, akiwa na umri wa miaka 44. Mwiba wa taa ulimchoma kifuani. Wengi walistaajabu: aliyeshinda na mamba umri wake wote, auawe na taa!

Mvuvi wa Likoni hastaajabu. Taa tunamjua tangu utotoni, kwa mchuzi wake wa nazi na kwa mwiba wake. Hulala mchangani akajifukia, hana ugomvi na mtu. Lakini akikanyagwa, au akiona amezingirwa, hurusha mkia.

Marehemu alikulia katika bustani ya wanyama ya wazazi wake huko Beerwah, na babake alimfundisha kushika mamba angali mtoto. Mamba waliotisha watu aliwatega akawahamisha, wasipigwe risasi. Fedha alizopata katika televisheni alinunulia ardhi ili ibakie pori. Makosa alikuwa nayo. Mwezi wa Januari, 2004, alimlisha mamba huku amempakata mwanawe mchanga. Akalaumiwa, na kwa haki.

Lakini lililonisikitisha zaidi lilitokea baada ya kifo chake. Katika fukwe za Queensland walikutwa taa wasiopungua kumi wamekufa, baadhi yao wamekatwa mikia, na watu wakashuku kuwa ni kisasi. Rafiki zake walikemea jambo hilo. Ni kumkumbuka gani huku, kumlilia mtu kwa kuua viumbe aliowatetea?

Sisi Waislamu tuna fundisho letu. Hadithi yatusimulia Nabii mmojawapo aliyeumwa na sisimizi, akaamuru makazi yao yachomwe moto. Mwenyezi Mungu akamkemea: kwa kuumwa na mmoja, ameteketeza umati mzima unaomsabihi Mola wake!

Hapo ndipo swali linapotufikia sisi wenyewe. Mamba wa Mto Tana na wa Sabaki huua watu, na kila msiba unapotokea husikika sauti kwamba mamba wote wamalizwe. Mimi siwezi kukaa hapa Likoni nikamhubiria mama wa Tana ampende mamba, naye hana pa kuteka maji ila ukingoni, ndoo mkononi na mtoto mgongoni. Kumpenda mamba ni rahisi kwa aliyekata tikiti akamtazama nyuma ya ukuta.

Basi maoni yangu ni haya. Mama yule apelekewe bomba la maji, au kisima, au japo ajengewe uzio imara pale anapotekea. Mamba aliyezoea kula watu ashughulikiwe yeye, kwa kuhamishwa ikiwezekana. Waliobaki waachiwe mto wao.

Na taa tutaendelea kumvua, kwani ni riziki yetu ya halali. Tumvue kwa haja ya chakula, si kwa hasira.