Lawama ya Tui Ipelekwe Shambani

Hakuna baraza ya wazee katika mji wa Unguja, wala karamu ya arusi, ambayo watu wakishakula na kunawa hakosekani mmoja wao wa kusema, kwa sauti ya kutaka kusikiwa, kwamba wali wa siku hizi hauna nazi, kwamba mabinti wa leo hawajui tena kukuna wala kukamua, na kwamba aila iliyoridhika kupikia tui la pakiti imeuvua upwani wake kwa hiari yake yenyewe. Neno hili limekaririwa hata limekuwa kama hukumu iliyokwisha kutolewa, na wanawake wenyewe, kwa staha au kwa kuchoka tu, aghalabu hulinyamazia. Mimi naona lina ukweli katika kipande chake cha kwanza na dhulma katika vipande vilivyosalia. Maana ni kweli wali wetu umepungua nazi, lakini upungufu huo haukuanzia jikoni, na atakaye kumlaumu mtu kwa insafu hana budi kwanza atoke mjini, apite soko la Mwanakwerekwe, aendelee mpaka mashamba ya Kati na Kaskazini, kisha atazame juu.

Nisidhaniwe kwamba naidharau kazi ya tui, wala kwamba siioni tafauti. Nazi iliyopasuliwa kwa mgongo wa panga, ikakunwa juu ya mbuzi na mtu aliyekaa upande huku akiuzungusha ule ufuu mkononi asifikie ganda jeusi, ikamiminiwa maji ya vuguvugu, ikafinywa na kuchujwa, hutoa kwanza tui zito ambalo huwekwa kando. Kisha chicha ile ile hutiwa maji tena na kukamuliwa likapatikana tui jepesi, na hilo ndilo hutangulia chunguni kuivishia samaki, pweza, mbaazi au kunde. Tui zito huja mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na mpishi husimama hapo hapo akikoroga pole pole kwa upawa, asiondoke hata akiitwa mlangoni, kwa sababu likiachwa lichemke kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea peke yake na maji yakabaki chini, na mchuzi ule hauna dawa. Tui la pakiti, ambalo hutiwa vitu vya kulishikiza ili lisitengane, halidai hadhari hiyo: hulimwagi kwa utaratibu wala huliogopi, nalo hukipa kila chungu ladha moja. Anayesema kwamba hapo pana kitu kilichopotea hasemi uongo.

Lakini na tumtazame huyo anayelaumiwa. Ametoka kazini, ofisini au dukani au katika biashara yake, jua linakaribia kuzama, watoto wana njaa, naye anapita soko la Darajani akiwa na pesa za kupimwa. Anaichukua nazi, anaitikisa karibu na sikio kama alivyofunzwa na mama yake, na maji hayasikiki kuchezacheza ndani yake, maana yake ni kwamba nazi haijakomaa. Ni koroma iliyoanguliwa kabla ya wakati wake, nyama yake laini, na tui lake jembamba hata ukizikuna mbili hupati kilichokuwa kikitoka katika moja. Bei ya hiyo koroma ni ile ile ya nazi iliyokomaa. Basi mtu aliyenunua mara mbili tatu akatoka mikono mitupu, akaiona pakiti rafuni ambayo anajua hakika kilichomo, tumwambie amefanya nini kibaya? Amefanya hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Swali la kuulizwa ni kwa nini koroma zimejaa sokoni, na jibu lake halina uhusiano wowote na malezi ya mabinti.

Nazi humaliza takriban mwaka mzima juu ya mnazi tangu kuchanua mpaka kukomaa. Dafu hukatwa nusu ya safari hiyo, katika mwezi wa sita au wa saba hivi. Mwenye shamba anayeuza madafu anapata pesa zake miezi mitano mapema, na katika miezi hiyo mitano amejiepushia upepo, ameyaepuka magonjwa, na zaidi ya yote amewaepuka wezi, ambao kwa mtu wa shamba ndio msiba mkubwa kuliko yote niliyoyataja. Yule ambaye hakupata mnunuzi wa madafu naye huangua mapema kwa khofu hiyo hiyo, kwamba kikomacho juu ya mti huenda kikaondoka usiku, na hivyo ndivyo koroma zinavyofika mjini. Fauka ya hayo, pwani ya mashariki na ya kaskazini, kuanzia Jambiani na Paje hadi Nungwi, imesimamishwa mahoteli ambayo mgeni wake hataki tui, anataka dafu lenye mrija, na bei atakayolipa kwa dafu moja mezani hailingani na bei ya nazi ya mchuzi. Simlaumu mwenye shamba kwa kuuza anakopata zaidi; ningekuwa na minazi kumi ningefanya kama afanyavyo. Nasema tu kwamba dafu lililonywewa ufukweni ni nazi ambayo haitafika Darajani, na kwamba kama idadi ya minazi haiongezeki, jiko la mjini na meza ya hoteli haziwezi kushiba pamoja.

Na idadi haiongezeki. Mnazi mrefu wa kwetu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8, huzaa vizuri kwa umri wa mtu mzima, na ukishapita miaka 60 hivi mazao yake hupungua mwaka hata mwaka, ingawa utasimama na kupendeza machoni kwa muda mrefu baadaye. Sehemu kubwa ya minazi tunayoiona tukienda shamba ilipandwa na watu ambao sisi tuliwakuta wazee au hatukuwakuta kabisa. Tunaokota katika kazi ya wafu.

Wafu hao, hata hivyo, walikuwa na ada ya kupanda. Husimuliwa kwamba Sayyid Said bin Sultan, alipotaka visiwa hivi viwe nchi ya karafuu, aliamuru ipandwe mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja na kwamba asiyetii angepoteza shamba lake. Katika simulizi hiyo watu huutazama mkarafuu, mimi huutazama mnazi, ambao hata mtawala mwenye tamaa ya karafuu aliuchukua kuwa ndio kipimo, kwa kuwa ulikuwepo kila mahali. Tufani ya mwaka 1872 ilipopita juu ya Unguja ikaangusha mikarafuu na minazi kwa wingi usiosemeka, karafuu ilihamia Pemba na haikurudi tena kwa ukubwa wake wa kwanza, lakini minazi ilipandwa upya, ikastawi hata mbata ikawa bidhaa ya pili baada ya karafuu katika bandari yetu kwa miaka mingi ya zama za ukoloni. Waliopanda baada ya tufani ile walijua kuwa watangoja miaka 7 kabla ya kuonja kitu. Hawakuwa na subira kuliko sisi kwa maumbile yao; walikuwa na uhakika wa ardhi, jambo ambalo sisi tumelipunguza wenyewe.

Maana baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilipotaifishwa na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu, familia nyingi zilipata kwa mara ya kwanza minazi ya kuitazama kama yao, na hilo lilikuwa jambo la kheri ambalo sina haja ya kulitetea hapa. Lakini eka tatu zilizotosha kaya moja leo zinatazamwa na wajukuu wengi, kila mmoja akitaka kiwanja cha kujengea, na pembezoni mwa mji kiwanja kina bei ambayo hakuna mkungu wa nazi uwezao kushindana nayo. Tena kwetu mti na ardhi huweza kuwa na wenyewe mbali mbali, huyu akarithi udongo na yule akarithi minazi iliyo juu yake. Na katika hali kama hiyo ni nani atakayechimba shimo na kutia mche mpya, ikiwa hajui kama atakayeangua ni mwanawe au mwana wa mwingine? Hufika mahali warithi wote wakaafikiana jambo moja tu, nalo ni kuuza miti ipasuliwe mbao.

Mbao za mnazi ni nzuri, sikatai, na mnazi mkongwe usiozaa ni bora uwe boriti kuliko uwe pambo. Kosa liko katika kile kinachobaki. Mpasuaji huchukua sehemu ya chini ya gogo iliyo ngumu, huiacha ya juu iliyo laini pamoja na kisiki, na vitu hivyo vikioza huwa ndiyo nyumba anayoipenda chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, ambaye hutaga humo, funza wake wakalelewa humo, kisha akiota mbawa huruka kwenda kutoboa moyo wa mnazi mchanga ulio karibu. Hivyo mtu hukata minazi mitano mikongwe, akapanda miche miwili kwa nia njema, na magogo yale yale aliyoyaacha yakazaa adui wa miche yake. Wazee walimtoa chonga kwa waya wenye ncha iliyopindwa, mmoja mmoja, kazi ya kuchosha. Waliofanya hivyo walijua pia kuwaacha maji moto, wale sisimizi wekundu wakali, watembee juu ya minazi bila ya kuunguzwa, kwa kuwa wao huwafukuza wadudu wafyonzao vidaka hata vikapukutika kabla ya kushika. Mkwezi huwachukia maji moto, na ana haki, kwani humuuma mpaka machozi yakamtoka angali juu. Lakini shamba lisilo nao aghalabu huangusha vidaka vingi kuliko lililo nao. Ndugu zetu wa bara wana balaa jingine, ule ugonjwa wa kunyong'onyea ambao umeangamiza minazi mingi katika mwambao wa Tanzania na ambao hauna tiba ya kumridhisha mkulima. Mwenye mnazi mzima leo asidhani kwamba ameandikiwa kuwa nao daima.

Najua nitaambiwa kwamba dafu linaleta fedha za kigeni na kwamba ulimwengu umebadilika. Na iwe hivyo. Kuna mnazi wa kitamli, mfupi, wenye madafu matamu, ambao huzaa katika mwaka wa tatu au wa nne na hauhitaji mkwezi hodari. Huo ndio wa kupandwa kwa ajili ya hoteli, tena karibu na hoteli, na wenye hoteli wenyewe wahimizwe kuupanda katika viwanja vyao badala ya maua yanywayo maji usiku kucha. Mnazi mrefu ubaki wa nazi. Watu wa Paje na Jambiani wataunga mkono neno hili, hasa wanawake wanaofukia makumbi katika tope la pwani, wakayaacha kwa miezi kadhaa yalainike kwa maji ya bahari, kisha wakayafukua, wakayaponda na kusokota kamba. Kwao nazi ikomaayo ni kazi ya mikono na pesa ya mwanamke asiyemwomba mtu, na kumbi likikatwa changa pamoja na dafu lake halitoi nyuzi za kuaminika.

Kwa hiyo sipendekezi sheria mpya, wala sipendekezi pakiti ipigwe marufuku, jambo ambalo lingewatesa wale wale wanaolaumiwa. Napendekeza tuanze mahali ambapo ile khofu ya warithi haipo. Visiwa hivi vina mashamba ya wakfu, ambayo watu wema wa zamani waliyafunga kwa ajili ya misikiti, ya visima na ya maskini, na mengi katika hayo ni ya minazi. Hayauzwi, hayarithiwi, na yako chini ya dhamana ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hapa hakuna mjukuu wa kudai kiwanja wala mgogoro wa nani ni mwenye mti na nani ni mwenye udongo, na mfaidi wake haoni taabu kungoja miaka 7, kwa kuwa msikiti haufi. Minazi mikongwe ya mashamba hayo ihesabiwe, iuzwe mbao kwa awamu, na fedha yake yenyewe inunue miche ya minazi mirefu pamoja na ujira wa vijana wa kuchimba mashimo kabla ya masika, na wa watu wa kuyaondoa magogo na visiki vyote shambani kabla chonga hajapata pa kutagia.