Wao Walichagua. Mtoto wa Kijijini Je?

Wasee, kila Januari ni story ile ile. Klipu za Dakar Rally zinajaa kwa simu, pikipiki inaruka juu ya mchanga, halafu mtu anakomenti, "Hao ndio wanaume!" Haya, tuongee ukweli.

Mbio hizi zilianzia Paris mwisho wa 1978, zikielekea Dakar, Senegal. Mwanzilishi wake, Thierry Sabine, alikufa 1986 helikopta ilipoanguka Mali, mbio zikiendelea. Fabrizio Meoni, bingwa wa pikipiki 2001 na 2002, alifia Mauritania 2005. Paulo Gonçalves akafia Saudi Arabia 2020. Hao si wageni wa mchezo. Kwa hivyo usiniambie ati ukiwa na uzoefu uko salama.

Najua mtasema, "Si walichagua wenyewe?" Poa. Mtu mzima akitaka kucheza na maisha yake, shauri yake. Lakini 2006 watoto wawili waligongwa na magari ya mbio hizo wakafa. Mmoja alikuwa na miaka 10, Guinea. Mwingine 12, Senegal. Hao waliweka saini wapi? Walikuwa kwao. Mbio ndizo ziliwafuata.

Hapo ndipo inaniuma. Jangwa wanaliita tupu, kumbe kuna watu, mbuzi na visima. Gari likipita kasi linaacha ukuta wa vumbi, na anayefuata haoni mbele. Hata dereva mkali hapo anabahatisha tu.

Sasa angalia hii. Baada ya vifo vya wale watoto, 2007 mbio zilirudi Senegal kama kawaida. Lakini watalii wanne Wafaransa walipouawa Mauritania Desemba 2007, na vitisho vya ugaidi vikaja, mbio za 2008 zilifutwa. 2009 zikahamia Amerika Kusini. Kumbe kusimamisha kunawezekana! Swali ni damu ya nani inahesabika.

Sisemi mchezo ufungwe. Nasema njia ipite mbali na makazi ya watu, na wakishindwa, wasipite kabisa.

Na sisi tusijifanye watakatifu. Safari Rally ikifika Naivasha, tunasimama ukingoni mwa barabara tukitafuta klipu. Msee, rudi nyuma. Na ukiona mtoto amesimama hapo, mvute mkono urudi naye. Likes hazifufui mtu.