Kiyoyozi Kinapokosa Ubaridi

Wenzetu waliotoka Pwani wakahamia katika maghorofa ya Kilimani na Kileleshwa huliona joto la Nairobi, Januari hadi Machi, kuwa jepesi. Lakini vumbi la ujenzi wa mitaa hiyo huziba chujio la kiyoyozi, ubaridi ukapungua. Fundi akiitwa, huenda akasema: “Gesi imekwisha.”

Tuelewe kwamba gesi hiyo haiishi kwa matumizi kama ile ya jikoni. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, ipo nafasi inayovuja. Basi kwanza tuzime umeme, tuchomoe chujio, tulioshe kwa maji, tulianike kivulini hadi likauke, kisha tulirudishe. Maji yakidondoka chumbani, tutazame kama bomba la kuyatoa nje limeziba.

Ubaridi usiporejea, ndipo aitwe fundi, naye atuonyeshe panapovuja na kupaziba kabla ya kujaza. Kujaza bila kuziba ni kuteka maji kwa pakacha, na fedha ya matumizi ya nyumba ni amana. Usiku tufungue madirisha: mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari una ubaridi wake usiolipiwa.